MTENDE SI BAHATI: Historia ya Mti wa Futari na Mikono Inayoulisha

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Ramadhan ikiingia, tende hufika hata mahali ambapo hazionekani mwaka mzima. Kwetu Mfangano zinavuka ziwa kwa boti kutoka Mbita, pamoja na sukari na unga. Magharibi ikiadhiniwa kila mtu anachukua zake, anafungua, na kokwa zinatupwa. Wapo watoto wanaozifukia nyuma ya nyumba, na kwa kweli huwa zinaota. Lakini miaka inapita, makuti yanarefuka, tende hakuna. Basi watu husema, "Aah, tende ni bahati tu."

Msemo huo tumeuzoea. Mtu akipata kazi asiyoitarajia tunasema ameota mtende, au kwamba hiyo ni bahati ya mtende kuota jangwani. Msemo ni mtamu, lakini ukifungua historia utaona mtende hauna bahati yoyote. Ni mti wa kazi. Tangu zama za kale haukuzaa vizuri ila pale ambapo kulikuwa na mtu wa kuupanda kileleni, wa kuuchimbia shina na wa kuulisha. Makala hii inamhusu huyo mtu: alifanya nini, alilipwa nini, na sisi wa visiwani tunajifunza nini kwake.

Kurutubisha kwa maana mbili

Neno letu "kurutubisha" lina maana mbili, na mtende unazihitaji zote mbili. Kwanza ni kurutubisha ua, yaani kutia chavua ya dume katika ua la jike. Pili ni kurutubisha udongo, yaani kuupa mti chakula chake.

Tuanze na ua. Mitende ina miti dume na miti jike, kila mmoja mbali na mwenzake. Dume halizai tende hata siku moja, na jike halizai vizuri bila dume. Upepo unaweza kupeleka chavua, lakini ni kazi ya kubahatisha. Kwa hiyo mkulima hukata vishada vya maua ya dume, akapanda juu ya jike wakati karara linapopasuka, akavipachika katikati ya maua yake. Dume mmoja hutosha majike kiasi cha 50. Ndiyo maana katika shamba la mitende madume ni wachache sana.

Ukipanda kokwa hujui utapata dume au jike, ni nusu kwa nusu. Na hata likiwa jike, tende zake hazitafanana na za mama yake. Wenye mitende hawapandi kokwa, wanapanda machipukizi yanayoota kwenye shina la mti wanaoujua.

Elimu hii ni kongwe mno. Mfalme Hammurabi wa Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, alitawala zaidi ya miaka 1700 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.). Katika sheria zake zilizochongwa juu ya jiwe kuna vifungu vinavyohusu kazi hii hii. Mwenye shamba akimkabidhi mtunza bustani mitende yake ili aichavushe, mtunza bustani anachukua theluthi moja ya mavuno na mwenye shamba theluthi mbili. Na kama mtunza bustani amezembea, mavuno yakapungua, basi atampimia mwenye shamba kwa kulinganisha na mavuno ya jirani. Yaani miaka karibu 3800 iliyopita kisingizio cha "bahati mbaya" kilikuwa hakikubaliki mahakamani! Jirani yako amevuna, wewe mbona hukuvuna?

Madina, mji wa mitende

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, alitoka Makka, mji wa biashara katika bonde lisilolimwa, akaingia mji wa wakulima wa mitende. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba aliwapita watu waliokuwa juu ya mitende, akauliza wanafanya nini. Akaambiwa wanatia dume katika jike. Akasema kwamba yeye hadhani kama jambo hilo lina faida. Watu waliposikia wakaacha, na mavuno ya mwaka ule yakawa duni. Habari ilipomfikia aliwabainishia kwamba ile ilikuwa ni dhana yake tu: akiwaamrisha jambo la dini walishike, ama katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi.

Hebu tutulie hapo kidogo. Wanazuoni wamelieleza tukio hili kwa mapana, lakini kwa kijana wa leo somo moja liko wazi. Yule mkulima wa Madina aliyejifunza kwa kuujaribu mti mwaka baada ya mwaka, elimu yake iliheshimiwa. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kusoma kilimo, au kumsikiliza afisa wa kilimo, ni kupungukiwa na tawakkul.

Na tazama jinsi sheria yetu ilivyoitambua kazi ya mkono. Imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba anayeuza mtende uliokwisha kuchavushwa, matunda ya msimu ule ni ya muuzaji, ila mnunuzi akiyashurutisha kuwa yake. Kwa nini? Kwa sababu kuna jasho limeshaingia katika mti. Vilevile katika zaka: mazao yaliyomea kwa mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja ya kumi, yaliyomwagiliwa kwa taabu hutolewa nusu yake. Aliyebeba maji amepunguziwa.

Kisa cha Salman al-Farisi (R.A.) kinagusa zaidi. Alikuwa mtumwa Madina. Mtume (S.A.W.) akamhimiza aandikiane na bwana wake ajikomboe, na bei ikawa mitende 300 pamoja na wakia 40 za dhahabu. Masahaba wakamchangia machipukizi: huyu 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake. Wakachimba mashimo pamoja, na Mtume (S.A.W.) akayapanda kwa mkono wake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba halikufa hata moja. Mtende pale ulikuwa fidia ya uhuru wa mtu. Naomba uliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Mti unakula nini?

Sasa tuje kwenye udongo. Mtende na jamaa zake, mnazi na mchikichi, wana tabia moja inayowatofautisha na mwembe au mparachichi. Kila shina lina kilele kimoja tu cha kukua, ule moyo ulioko juu katikati ya makuti. Mwembe ukikatwa tawi unachipua jingine. Mnazi ukifa moyo umekwisha.

Mti wa aina hii ukiwa na njaa hausemi kwa mdomo, unasema kwa makuti. Ukikosa potasiamu, makuti ya chini yaliyozeeka yanapata madoa ya manjano na rangi ya chungwa, halafu ncha zake zinakauka. Ukikosa magnesiamu, ukingo wa kuti la zamani unakuwa manjano huku katikati pakibaki kijani. Ukikosa manganizi, ni makuti machanga ya juu yanayotoka yamedumaa na kujikunja. Watu wengi wakiona kuti la manjano hukimbilia panga. Hilo ni kosa, maana mti wenye njaa hunyonya potasiamu kutoka kuti la zamani na kuipeleka kwenye changa. Ukilikata lile, umeunyang'anya mti akiba yake. Ngoja likauke kabisa ndipo uliondoe.

Waislamu wa zamani hawakuyajua majina haya ya madini, lakini walizijua dalili na tiba. Ibn Wahshiyya wa Iraki, mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo ambamo mtende umeelezwa kwa kirefu. Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika Andalusia ya karne ya 12, alikipanga kitabu chake kwa mantiki ya mkulima: kwanza ardhi, kisha samadi, kisha maji, ndipo miti yenyewe. Yaani kabla hujaniuliza habari za mti, niambie kwanza unaulisha nini.

Pengine kijana wa madrasa atauliza: samadi si najisi? Katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha mnyama ni najisi, ndiyo, lakini kukitia shambani kumeruhusiwa, na mazao yanayoota hapo ni tohara. Osha mikono, osha nguo za swala, endelea na kazi.

Oman: dagaa, mifereji na jasho

Twende Oman, nchi ambayo historia yake imefungamana na ya pwani yetu. Huko mitende huishi kwa mifereji iitwayo falaj, ambayo huleta maji kutoka chini ya ardhi na milimani hadi mashambani, na watu hugawana maji kwa zamu. Mwaka 2006 mifereji mitano kati ya hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuchavusha wanakuita tanbiti.

Na chakula cha mti? Samadi ya mbuzi na ng'ombe, na katika mwambao, dagaa! Waomani walianika dagaa kwenye mchanga, wengine wakalishwa mifugo, wengine wakafukiwa kwenye mashina ya mitende. Ibn Battuta, aliyepita Dhofar katika karne ya 14, alistaajabu kukuta wanyama wa huko wanalishwa dagaa. Msomaji wa Mfangano hatastaajabu sana, maana ufuo wetu nao umejaa omena zilizoanikwa kwenye nyavu.

Lakini historia ya kweli haifichi doa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 tende za Oman zilipata soko kubwa Marekani, meli zikawa zinazipeleka New York. Mashamba ya mwambao wa Batina yakapanuka, na kazi ikahitaji watu wengi: kuteka maji visimani, kuchimba, kubeba samadi, kupanda mitende na kuchavusha. Sehemu kubwa ya watu hao walikuwa Waafrika waliotekwa Afrika Mashariki na kusafirishwa kwa majahazi. Pwani yetu nayo ilikuwa hivyo. Mashamba ya minazi na nafaka ya Malindi na Mombasa, na ya karafuu Unguja na Pemba, yalilimwa na watumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907.

Sasa rudia kisa cha Salman (R.A.). Mti ule ule uliokuwa njia ya kumtoa mtu utumwani Madina ukageuzwa kuwa sababu ya kumtia mtu utumwani. Mti haukubadilika. Waliobadilika ni watu, waliotaka tunda bila kulipa jasho. Hilo lazima tuliseme wazi katika jarida la Kiislamu, tena mwezi wa Ramadhan, kwa sababu kimya chetu hakimfaidi yeyote.

Pwani yetu na mnazi

Kwa nini mtende haukutawala Lamu au Mombasa ingawa majahazi yalileta tende kila msimu wa kaskazi? Jibu ni hali ya hewa. Mtende unataka joto kali na hewa kavu wakati tunda linapoiva. Mvua ikinyesha wakati huo tende hupasuka na kuchacha. Mwambao wa Waswahili una unyevu mwingi, basi Mungu akawajaalia mnazi.

Mnazi ni mlaji mkubwa. Karibu kila mwezi hutoa kuti jipya na karara jipya, kwa hiyo njaa yake ni ya mwaka mzima. Ukipungukiwa na chakula au maji, vidaka hupukutika kabla ya kuwa madafu. Wazee wa pwani wamekuwa wakifunga ng'ombe chini ya minazi ili samadi ibaki pale pale, na wakifukia makumbi kuzunguka shina. Sayansi inawaunga mkono, kwani makumbi yana potasiamu nyingi, tena yanashika unyevu kama sponji. Ila samadi mbichi isirundikwe karibu na minazi. Yule mdudu mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi hutaga mayai katika samadi na vigogo vinavyooza. Ivundike mbali, igeuze, ikishaiva ndipo uilete.

Ziwani kwetu

Tumefika Ziwa Victoria. Mfangano ni kisiwa cha vilima na miteremko, na mvua huja misimu miwili. Kwa hiyo ile mitende ya kokwa ikiota, itatupa kivuli na makuti, lakini tusiitegemee kwa tende nzuri. Hapa Kenya watu wa kutegemea tende ni wa kaskazini kwenye ukame, kama Turkana. Sisi tuna jamaa yake wa porini, mkindu, unaoota kandokando ya ziwa. Nao una dume na jike vilevile. Ukindu wake ndio unaosukwa mikeka na misala. Wengi wetu tumesujudu juu ya ndugu wa mtende bila kujua.

Jamaa wa tatu yuko upande wa pili wa ziwa. Katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala nchini Uganda, mradi mkubwa wa michikichi ulianza kupandwa kisiwani Bugala katikati ya miaka ya 2000, na mavuno ya kwanza yakapatikana mwaka 2010. Wakulima wadogo waliojiunga hupewa miche na mbolea za viwandani kwa mkopo, halafu hukatwa wanapouza matunda. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mchikichi. Wapo pia waliolalamikia ardhi na kukatwa kwa misitu. Sheria ya Uganda inataka mita 200 kutoka ufuo wa Ziwa Victoria zihifadhiwe.

Kwa nini mita 200? Kwa sababu mbolea haijui mpaka. Naitrojeni na fosforasi zisizonyonywa na mizizi huteremka na maji ya mvua hadi ziwani, na huko zinalisha mimea isiyotakiwa. Tunakumbuka jinsi gugumaji lilivyoziba Ghuba ya Winam miaka ya 1990, boti zikashindwa kutoka na wavuvi wakakaa bure. Shamba sio chanzo pekee, maji taka ya miji nayo yamo, pamoja na udongo unaomomonyoka. Lakini kisiwa cha miteremko kama chetu kiko karibu mno na maji. Unachomwaga juu ya kilima asubuhi ya mvua, jioni kiko ndani ya ziwa ambamo tunavua na kuchota maji ya kunywa. Na Uislamu umetufundisha kutodhuru wala kudhuriana.

Basi ukipanda mti wa jamii hii, uwe mnazi wa kujaribu, mkindu au mtende wa kivuli, fanya hivi:

Kwanza, tumia samadi iliyoiva, isiyo na joto wala harufu kali, kwani mbichi huunguza mizizi.

Pili, usiirundike kwenye shina. Chimba mfereji mfupi wa duara hatua moja au zaidi kutoka shinani, tia samadi, fukia, halafu tandaza majani makavu juu. Iliyofukiwa haikimbii na mvua.

Tatu, kwenye mteremko jenga kikingo cha mawe au udongo upande wa chini.

Nne, lisha kidogo kidogo mvua ndogo zikianza, usitie kwa wingi siku ya mvua kubwa.

Tano, omena zilizoharibika kwa kunyeshewa zisitupwe ziwani. Zichanganye na majani, majivu kidogo na samadi, zivundike mpaka ziwe mboji, kama walivyofanya wenzetu wa Oman kwa dagaa wao. Omena nzima ni chakula cha watu, hiyo usiifukie.

Na la sita linahusu haki. Kama kuna kijana anayekubebea samadi au kukuchimbia mashimo, mlipe kabla jasho lake halijakauka. Historia ya mti huu imetuonyesha kinachotokea jasho la mtu likidharauliwa.

Vijana wenzangu, tende tatu za futari zimepitia mikono mingi mpaka kufika Mfangano. Kuna aliyepanda kileleni na chavua, kuna aliyechimba na aliyebeba maji. Tukisema ni bahati tunawafuta wote hao. Tuseme ni rizki ya Allah (S.W.) iliyopitia katika kazi ya waja wake, na sisi nasi tuitie mikono yetu kazini.

Tunamuomba Allah atutakabalie swaumu zetu, abariki udongo na maji ya ziwa letu, na atujaalie kuwa wenye kutoa haki za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.